Maksi zikae kando kwanza
Walimu wenzangu wa hapa Mombasa, mkirudisha karatasi za hisabati msiandike 12/30 pale juu, maksi weka kwenye daftari lako, we andika pale pale alipokosea, mfano "ulipohamisha 7 ng'ambo ya pili ulisahau kugeuza alama, hebu rudia", akisharekebisha ndo umpe maksi. Mtoto akiona namba tu yuwachungulia ya jirani kisha karatasi yaingia mkobani, basi imekwisha hiyo. Na ukiandika vyote viwili bado namba ndo itasomwa, mtafiti wa elimu Ruth Butler alilipima hili Israeli akachapisha 1988, waliopewa maelezo peke yake ndo walioendelea vizuri. Darasa la watoto 60 ni kazi kweli, anza na swali moja tu.