Namna ya Kufungua na Kunywa Chupa ya Léoville Barton

Léoville Barton ni mvinyo mwekundu wa Saint-Julien, kaskazini ya jiji la Bordeaux nchini Ufaransa, na shamba lake limo mikononi mwa ukoo wa Barton, wenye asili ya Ireland, tangu mwaka 1826. Katika orodha ya ubora wa mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855 liliwekwa daraja la pili. Kwa kuwa sehemu kubwa ya zabibu zake ni Cabernet Sauvignon, mvinyo huu huwa na ukakasi mwingi ukiwa mchanga, ule ule unaouonja ukila bibo. Ndiyo maana chupa isiyofikisha miaka kumi mimi huiacha ilale.

Hatua ya 1. Isimamishe chupa siku moja kabla. Imekaa miaka ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke, na mashapo yamejikusanya ubavuni. Ukiifungua papo hapo, utamimina tope.

Hatua ya 2. Ishushe joto hadi nyuzi 16 au 18. Wanaosema mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba wanazungumzia vyumba vya Ulaya vya zamani, si sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari. Saa mbili hivi frijini zatosha.

Hatua ya 3. Izibue taratibu. Kizibo cha zamani hukatika upesi: niliwahi kukichomeka kizibuo upande mbele ya meza ya wageni wanane, nusu ya kizibo ikatumbukia ndani, nikalazimika kuuchuja mvinyo kwa kitambaa safi huku wakinitazama. Sasa nakizamisha katikati kabisa, kisha navuta bila kutikisa. Ukinusa harufu ya karatasi iliyolowa na kuvunda, kizibo kimeuharibu mvinyo, na hewa haitauponya. Irudishe chupa ulikoinunua.

Hatua ya 4. Mimina kwenye jagi la kioo, polepole na bila kukatisha, huku tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kutoka chini. Mwanzoni mvinyo hupita ukiwa mwangavu, kisha utaona uzi mwembamba wa vumbi jeusi ukipanda begani mwa chupa na kuukaribia mdomo. Hapo simama, hata kama vimebaki vidole viwili.

Hatua ya 5. Jaza theluthi moja tu ya glasi, uizungushe, unuse kabla ya kuonja. Chupa iliyokomaa hutoa harufu ya tumbaku kavu na mbao za mwerezi, na ukakasi wake haung'ang'anii ufizi tena, bali unagusa na kuachia. Mwana-kondoo wa kuchoma, aliyepakwa chumvi na kitunguu saumu, ndiye mwenzi wake hasa. Pilipili iondoe mezani, kwa sababu huurudisha ukakasi wote.

Mvinyo utakaobaki uzibe na uuweke frijini. Kesho yake utanyweka. Keshokutwa utie kwenye sufuria ya nyama.