Skrini ya bluu inayojirudia kwenye kompyuta: soma hapa kabla hujapiga Windows upya

Ndugu zangu, wiki hii nimeulizwa swali moja mara saba: "Fundi, mashine inaleta bluu halafu inajizima, nipige Windows?" Nimechoka kulijibu vipandevipande, kwa hiyo naliweka lote hapa. Bluu ni ile skrini ya kosa inayotokea Windows inapoanguka, na kupiga Windows ni kuiweka upya. Niko Mwanjelwa, Mbeya, kazi yangu ni hii. Mashine nyingi zinanifikia zimeshapigwa Windows mara mbili tatu, kumbe ugonjwa ni diski (inakohifadhiwa mafaili) au RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). Windows mpya juu ya diski mbovu haiponyi kitu.

1. Piga picha ya skrini kwa simu. Unachokitaka ni ule msimbo wa herufi kubwa, mfano MEMORY_MANAGEMENT. Ikipita haraka, bonyeza Windows na R pamoja, andika sysdm.cpl kwenye Run, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, ondoa tiki ya Automatically restart. Kama ulishaukosa, BlueScreenView ya NirSoft ni ya bure na inasoma kumbukumbu zilizoko C:\Windows\Minidump.

2. Chomoa flashi, modemu, printa, kila kitu. Jaribu tena.

3. Kuna draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) iliyoingia siku hizi? Fungua Device Manager, kisha Roll Back Driver, urudishe ya zamani.

4. Diski. Hapa naomba msome taratibu.

Nilipoanza kazi niliinuliwa moyo na amri moja tu ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk C: /f /r, nikaiona dawa ya kila kitu. Mwalimu mmoja akaleta mashine yenye KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Ndani kulikuwa na alama za wanafunzi na picha za marehemu baba yake. Nikaiandika amri, nikafunga ofisi. Sasa, ile /r inasoma diski yote, sekta kwa sekta. Diski iliyokuwa imebakiza pumzi chache nikaichosha usiku kucha. Asubuhi hata BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, haikuiona. Zile picha hazikupatikana tena, na yule mwalimu hakunigombeza, alikaa tu kwenye benchi akanyamaza. Sijasahau.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: weka kwanza CrystalDiskInfo, programu inayopima afya ya diski. Ikiandika Caution au Bad, USIGUSE chkdsk. Hamisha mafaili yako yote kwenda diski ya nje. Windows ikigoma kuwaka, toa diski, iweke kwenye kava la USB, nakili kwa mashine nyingine. Ikiwa inagonga tik-tik, zima hapohapo. Kila dakika inayozunguka unapoteza. Mafaili yakishakuwa salama, ndipo utengeneze.

Onyo la pili: mashine nyingi za sasa diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili. Kabla ya kuitoa au kugusa mipangilio ya BIOS, tafuta ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Usipokuwepo popote, mafaili hayafunguki, na hakuna fundi wa kukusaidia.

5. RAM. Zima, toa chaja na betri, acha kijiti kimoja cha RAM, jaribu, kisha kingine. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache imalize mizunguko yote minne. Kosa moja tu linatosha kukihukumu kijiti.

6. Kurekebisha mafaili ya mfumo ya Windows, fungua CMD (dirisha la amri) kama msimamizi: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. DISM inakula bando.

7. Safisha feni. Unapopuliza, ishike isizunguke.

MASWALI

Mwanachama, Iringa: Kamwene fundi. Yangu nayo inaleta bluu, nifanyeje?

Jibu: Kamwene. Msimbo unasemaje?

Iringa: Sijauangalia. Nipe dawa tu.

Jibu: Hatua ya 1. Bila msimbo nitabahatisha, na watakaoumia ni mafaili yako.

Mwanachama, Makambako: Unatutisha bure. Mimi nimepiga chkdsk /r miaka yote, hakuna diski iliyokufa.

Jibu: Kwenye diski yenye afya haina shida, na sijasema muiache. Nimesema nakala kwanza. Kunakili ni saa chache. Mimi nilimtazama mtu akipoteza picha za baba yake, siwezi kuandika tofauti.

Mwanachama, Njombe: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi. Yangu inaleta DRIVER_POWER_STATE_FAILURE asubuhi tu, hasa mwezi wa sita na wa saba. Ni baridi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri na umeleta msimbo. Usiku huwa unaizima, au unafunga kifuniko tu?

Njombe: Nafunga kifuniko.

Jibu: Basi anzia hapo. Msimbo huo unamaanisha draiva fulani imeshindwa kulala au kuamka pamoja na mashine. Mara nyingi ni ya Wi-Fi au ya michoro. Pakua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine, na uondoe tiki ya Turn on fast startup kwenye Power Options. Kwa wiki moja izime kabisa usiku, uone. Ila baridi usiidharau: ukitoka nayo nje kwenye umande ukaingia chumba chenye jiko la mkaa, unyevu unageuka matone ndani yake kama kwenye chupa ya soda baridi. Iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuwasha.

Mwanachama, Tukuyu: Ndaga fijo. Betri yangu imekufa, natumia umeme moja kwa moja. Ina uhusiano?

Jibu: Upo. Umeme ukikatika inazima ghafla katikati ya kuandika, mafaili ya mfumo yanaharibika. Fanya hatua ya 6, kisha nunua betri.

Makambako: Fundi, nimeweka CrystalDiskInfo. Imeandika Caution.

Jibu: Usiizime wala usiiwashe upya. Una diski ya nje? Anza na folda ambayo huwezi kuipata kwingine.