Kuunga laptopu na mtandao wa nyumbani ndani ya nyumba ya mawe

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha paka kujinyoosha dirishani, miguu na mkia, na nafasi ikabaki. Naanza na ukuta makusudi. Binti yangu alipoingia kidato cha tatu nilimnunulia laptopu, nikadhani kazi iliyobaki ni kuiwasha na kuipa nywila ya waifai. Ilituchukua siku tisa mpaka mambo yakakaa sawa, na katika siku zote hizo laptopu yenyewe ilikutwa na kosa moja tu. Mengine yalikuwa ya nyumba, na mengine yangu mimi.

Tuanze dukani. Yetu ni ya mtumba, nimeitoa Darajani: ramu GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Kama ni ya kusomea, usishuke chini ya hapo. Uliza ina Windows ipi, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubali kupandishwa Windows 11 kwa njia ya kawaida. Halafu, kabla hujatoa pesa, washa hotspoti ya simu yako, iunge laptopu pale pale kaunta, ufungue kurasa mbili tatu. Muuzaji akikwambia "mtandao utajaribu nyumbani, dada", basi hapo ndipo uzidi kujaribu.

Mimi nilijaribu, ikafunguka vizuri. Nikaileta nyumbani, tukaiacha bila chaji, ikazimika yenyewe usiku. Asubuhi tukaichomeka: waifai imeshika, alama imejaa, lakini kila ukurasa unatoa onyo kwamba muunganisho si salama. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikafuta nywila, nikaiandika upya. Nikampigia mtu wa huduma kwa wateja, naye akaniambia nizime ruta, niwashe. Jioni binti akainama kwenye kioo akasema, "Mama, mbona saa ya huku chini inasema 2016?"

Kumbe! Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko 2016 inakiona cheti hicho kama cha mtu ambaye hajazaliwa, inakikataa. Rekebisha tarehe na saa kwa mkono, chagua saa za Afrika Mashariki, kurasa zinafunguka papo hapo. Kama tarehe inarudi nyuma kila chaji ikiisha kabisa, kibetri cha ndani kinachotunza saa kimekufa. Mara nyingi ni kile cha duara, CR2032, na kwenye laptopu huwa kimeshikwa na vijiwaya viwili. Mpe fundi akibadilishe. Kazi yake ni ya dakika chache.

Sasa ukuta. Fundi wa kampuni alipotuletea intaneti aliifunga ruta ghorofa ya juu, pembeni ya dirisha, pale waya wake ulipoingilia. Binti anasomea ukumbini, chini, kwa sababu ndipo penye meza na upepo. Kati yao pana sakafu mbili za mawe na boriti. Usikisie kwa macho kama waifai inafika. Fungua dirisha jeusi la amri, yaani bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha andika:

netsh wlan show interfaces

Utaona mstari wa Signal wenye asilimia. Nilitembea na laptopu mkononi kama mtu anayetafuta kibla ugenini: karibu na ruta 99, kwenye ngazi 61, ukumbini 23. Chini ya 40 hivi, video za masomo zinaanza kukwama. Fanya hivyo kwanza, uandike namba zako kwenye karatasi, ndipo uamue la kufanya.

Ruta nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, 2.4 na 5 GHz. Yale ya 5 yana kasi lakini ukuta wa jiwe unayameza. Ya 2.4 yanapenya zaidi, ila katika vichochoro vyetu kila jirani anayatumia. Siku ile niliona majina kumi na saba kwenye orodha. Yape masafa hayo majina mawili tofauti ili ujue umeshika lipi, na kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Hayo yote yanafanyikia ndani ya ruta. Kwenye dirisha lile lile jeusi andika ipconfig, utafute Default Gateway, yaani anwani ya ruta. Kwangu ni 192.168.1.1. Iandike namba hiyo kwenye kivinjari, ingia kwa jina na nywila zilizobandikwa chini ya ruta. Ukishaingia, badilisha nywila ya kuingilia ruta yenyewe, si ya waifai tu. Wengi wanabadilisha ya waifai, ya ruta wanaiacha admin. Upande wa usalama chagua WPA2 au WPA3, ndizo namna za kuifunga waifai isisomwe na wengine, zima WPS, ile njia ya kuunga kwa kitufe au namba fupi bila nywila, na nywila iwe maneno matatu manne yasiyohusiana. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, mtaa mzima wanalijua.

Masafa hayakutosha kutatua ukumbi wangu, kwa hiyo nikavuta waya. Mita ishirini za Cat 6, zimeshuka na ngazi, zimefungwa kwenye mkono wa ngazi kwa vibanio, hakuna tundu lililotobolewa ukutani. Waya wa namna hii unabeba mtandao hadi mita 100, basi nyumba ya kawaida haiwezi kuushinda. Huku chini nikauunga na ruta ya zamani iliyokuwa kabatini, ili irushe waifai ukumbini.

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa niliwakosesha watu wote mtandao. Ruta ya pili ikiachwa kama ilivyo, inagawa anwani, yaani namba ya kutambulisha kila kifaa, kama ile ya kwanza, na zote mbili zinajiita 192.168.1.1. Kaka yangu alikuwa juu kwenye mkutano na watu wa Muscat, nikamsikia akiita ngazini, "Umegusa nini tena huko chini?" Dawa yake ni hii. Iunge ruta ya zamani na laptopu peke yake, kwa waya, kabla hujaiunga na ile ya juu. Ingia ndani yake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, kisha zima DHCP, ambayo ndiyo kazi ya kugawa anwani. Ukishahifadhi, ndipo ulete waya wa juu, na uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yale ya kuungia vifaa vya ndani ya nyumba. Tundu la WAN, la kuingizia intaneti kutoka nje, mara nyingi lenye rangi tofauti, liache wazi. Ukumbini sasa nasoma 94.

Laptopu ikishatulia kwenye waifai, Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa "Public", yaani wa mahali pa watu, na inajificha. Nyumbani kwako ibadilishe iwe "Private": fungua mipangilio, nenda kwenye mtandao, bofya jina la waifai, utaona chaguo zote mbili. Kwenye mkahawa iache ilivyo.

Faida ya "Private" ni kushirikiana folda na printa. Nafanya hesabu za duka la viungo kwenye kompyuta yangu ya juu, na binti huweka kazi zake za skuli kwenye folda humo humo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Sharing, chagua nani aingie na kama anaruhusiwa kuandika au kusoma tu. Halafu kwenye laptopu ya pili, kwenye mstari wa anwani wa madirisha ya mafaili, andika mikwaju miwili ya nyuma na jina la kompyuta. Yangu niliibatiza karafuu, hivyo ni \\karafuu. Itakuomba jina na nywila, na hapa wengi wanakwama: zile namba nne unazofungulia kompyuta asubuhi hazikubaliki hapa. Inataka nywila kamili ya akaunti. Nilibishana nayo saa nzima.

Printa yenye waifai, ingia kwenye ruta uiwekee anwani isiyobadilika. Bila hivyo, siku umeme ukirudi itapewa namba nyingine na laptopu itasema haipo, ilhali unaiona inawaka mbele yako.

Kuhusu bando: mwanzoni tulikuwa na kifurushi chenye kikomo, na Windows ilikimaliza kwa kujisasisha. Kwenye ukurasa ule ule wa waifai kuna swichi ya "Metered connection". Iwashe, itapunguza mengi inayoyavuta kimya kimya. Usisahau kuizima siku moja kwa wiki, usiku, ipate masasisho ya usalama.

Kuna la umeme. Ukikatika, laptopu inabaki na chaji yake lakini ruta inakufa. Vinauzwa vibetri vidogo vya ruta. Kabla ya kununua soma volti kwenye adapta, maana yangu ya juu ni V 12 na ile ya zamani ni V 9. Ya juu nimeshainunulia. Ya ukumbini bado, kwa hiyo umeme ukikatika usiku binti hupanda ngazi na laptopu kifuani, anakuja kumalizia kazi ya skuli kitandani kwangu.