Mchanga wa Banda la Njiwa: Wa Kutandika na Changarawe ya Kula

Njiwa hana meno. Punje anaimeza nzima na ganda lake, na kazi ya kutafuna inafanywa na firigisi, msuli mnene unaosaga nafaka kwa vijiwe ambavyo ndege amevimeza mwenyewe. Ndiyo maana wafugaji wengi wakishamwaga mchanga bandani huona wamemaliza mambo mawili kwa mpigo mmoja. Hawajamaliza. Mchanga unaofaa kutandikwa ni mdogo mno kusaga punje ya mahindi. Hupita kwenye firigisi na kutoka na kinyesi. Changarawe ya kula lazima iwe na chombo chake. Hata hivyo njiwa wataidonoa sakafu upende usipende, kwa hiyo mchanga wa kutandika nao uwe safi kiasi cha kumezwa bila madhara. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoongoza hatua zote hapa chini.

Hatua ya 1: Chagua mchanga

Tafuta mchanga wa mto ulio mkavukavu, wenye chembe za nusu milimita hadi milimita 2. Ulio laini kama unga uache. Ukikauka unatimua vumbi kila njiwa anapopiga mabawa, na vumbi la mchanga lina silika inayoharibu mapafu, yako na yao.

Mchanga wa baharini una chumvi. Njiwa wanapenda chumvi sana na wanaweza kuila hadi iwadhuru, hasa maji yakiisha chomboni. Mimi siutumii kabisa.

Mchanga uliobaki kwenye ujenzi ndio ninaouogopa zaidi. Ndani yake mna misumari, vipande vya waya, saruji iliyoganda, maganda ya rangi na vigae vya kioo. Njiwa humeza vipande vidogo vya metali, na madini ya risasi au zinki yakikaa kwenye firigisi humtia sumu polepole. Kupitisha sumaku kunasaidia kuokota misumari na waya wa mabati, lakini risasi haishikwi na sumaku. Kama hujui mchanga umetoka wapi, usiuchukue.

Hatua ya 2: Upime, uoshe, uukaushe

Chukua konzi ya mchanga wenye unyevu, uukamue mkononi, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge gumu, una udongo wa mfinyanzi mwingi. Kipimo cha pili: jaza chupa ya kioo nusu mchanga na nusu maji, tikisa, uache utulie. Mchanga unazama mara moja. Udongo unachelewa na kulala juu yake kama tope. Tope likiwa jembamba, kuosha kutatosha. Likiwa nene, tafuta mchanga mwingine.

Uoshe kidogokidogo kwenye ndoo: mimina maji, koroga kwa nguvu, mwaga maji machafu, rudia hadi maji yatoke meupe. Kisha uanike juani ukiwa umetandazwa mwembamba, ukiugeuza mara kwa mara. Usiuingize bandani mpaka uwe mkavu hadi chini.

Hatua ya 3: Tandika

Kina cha sentimita 3 hadi 4 kinatosha. Ukizidisha, unyevu na uchafu vitajificha chini usikoviona.

Kabla ya kumwaga, piga hesabu ya uzito. Mita 1 ya mraba yenye kina cha sentimita 4 inabeba takribani kilo 64 za mchanga mkavu. Banda la mita 4 za mraba ni zaidi ya kilo 250! Sakafu ya saruji haitajali, lakini banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo linaweza kupinda au kuvunjika. Huko weka sentimita 1 au 2 tu, na ukague mbao kwa chini.

Kwenye sakafu ya udongo, tandika kwanza wavu wa waya wenye matundu madogo kuzuia panya, juu yake turubai la plastiki kuzuia unyevu wa ardhini, kisha mchanga.

Viotani usiweke mchanga. Kinda huanguliwa macho yakiwa yamefumba, na anahitaji kitu cha kushika kwa vidole, maana kwenye bakuli linaloteleza miguu hupanuka na kupinda. Nyasi kavu au vijiti vyembamba vinafaa zaidi.

Hatua ya 4: Kazi ya kila siku

Mchanga mkavu unanyonya maji ya kinyesi, nacho kinakuwa vidonge vigumu vinavyookotwa kwa urahisi. Kila siku pitisha reki, kisha chekecha sehemu zilizo chini ya fito wanazolalia. Usiruke siku. Vimelea vya koksidia vinavyotoka na kinyesi vikipata joto na unyevu hukomaa ndani ya siku 1 au 2 hivi, na kuanzia hapo njiwa anayedonoa chini anaambukizwa. Ukikiondoa kinyesi mapema na kuweka banda kavu, unaukata mzunguko huo.

Vaa barakoa unapochekecha. Vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa huleta ugonjwa wa mapafu kwa wafugaji, na anayeupata anaweza kulazimika kuachana na ndege wake moja kwa moja.

Chakula kisimwagwe mchangani hata kidogo. Kiwe kwenye kihori. Chombo cha maji kiinuliwe juu ya tofali, na beseni la kuogea liwe nje. Sehemu iliyolowa usiifukie: izoe yote na ujazie mchanga mkavu. Ukisikia harufu kali baada ya kuchekecha, mchanga umechoka, badilisha wote.

Hatua ya 5: Changarawe ya kula

Hapa kuna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Cha kwanza ni vijiwe vigumu visivyoyeyuka, kama vya matale, vyenye ukubwa wa milimita 2 hadi 4. Hivi ndivyo vinavyosaga. Cha pili ni kinachoyeyuka tumboni na kutoa kalsiamu: maganda ya chaza yaliyopondwa, jiwe la chokaa, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kupondwa. Kimoja hakijazi nafasi ya kingine.

Kalsiamu ina uzito wa pekee kwa jike. Hutaga mayai 2 karibu kila mara, na akipungukiwa huivuta kutoka mifupani mwake. Dalili utaiona kwenye yai lenye ganda laini au jike anayehangaika kutaga. Mpe jua pia, kwa sababu bila vitamini D mwili hauwezi kuitumia kalsiamu vizuri.

Weka changarawe kwenye bakuli dogo chini ya paa, mbali na maji, kiasi kidogo kinachoisha haraka. Njiwa huchagua vipande wanavyovipenda na kuacha vingine, kwa hiyo mwaga mabaki na uweke mapya badala ya kujazia juu. Ndege ambao hawajaiona kwa muda mrefu wapewe chembe chache tu siku za mwanzo, maana wataifakamia.

Ukiona njiwa anakula mchanga wa sakafuni kwa bidii ilhali bakuli la changarawe limejaa, kagua kwanza kama maganda ya chaza yameisha na vimebaki vijiwe vitupu. Mara nyingi ndilo tatizo. Lakini akijikunyata, akaacha kula, na mfuko wa chakula wa shingoni ukabaki umejaa asubuhi, mtenge na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.