Kubadilisha vilengeo vya kiwandani kwenye gobore

Kabla ya kugusa kilengeo chochote, tumbukiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia baruti, mtutuni hadi ukome, utie alama mdomoni, kisha uulaze nje ya mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ikiishia mbali na kitako cha mtutu, yaani mwisho wake wa nyuma, ndani mna baruti na risasi, na kazi isianze.

Vilengeo vingi vya kiwandani hukaa kwenye mfereji uliochongwa kwa kubana, navyo kwa desturi hugongwa vitoke, kutoka kushoto kwenda kulia kwa mtu aliyeshika bunduki, na vipya huingizwa kutoka kulia. Tumia kipande cha shaba, si cha chuma, na kilengeo kikikataa kuingia, piga tupa kitako chake chenyewe, kamwe usipanue mfereji wa mtutu, kwa kuwa chuma kilichoondoka hapo hakirudi.

Napendelea kilengeo cha mbele kirefu kupita kiasi, kwa sababu kukipunguza hupandisha risasi. Ikiwa vilengeo vimeachana sentimita 70 na risasi inapiga sentimita 10 chini kwenye mita 50, utaondoa milimita 1.4, lakini kidogo kidogo, ukijaribu kwa kipimo kilekile cha baruti.