Namna ya Kutumia "By the Time" Katika Sentensi za Kiingereza

Mkazi wa Kigamboni anayevuka kila asubuhi kwenda kazini Posta ana sentensi ambayo huitamka kwa Kiswahili bila kufikiri: "Mpaka nafika kivukoni, pantoni lilikuwa limeshaondoka." Akitakiwa kumwandikia mkuu wake wa kazi maelezo hayo kwa Kiingereza, mara nyingi huandika "Until I reached the ferry, it already left", na mkuu huyo, kama Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza, atalazimika kuisoma sentensi hiyo mara mbili. Kosa hapa halitokani na uvivu wa kusoma. Linatokana na neno "mpaka", ambalo kwetu hufanya kazi mbili, ilhali Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno tofauti.

Tukisema "Nilisubiri mpaka saa nne", tunamaanisha kwamba kusubiri kuliendelea bila kukatika na kukakoma ilipofika saa nne. Hiyo ni kazi ya "until". Tukisema "Mpaka saa nne niwe nimeshafika", hakuna kinachoendelea. Tunaweka ukomo, na tendo linaweza kutimia wakati wowote kabla ya ukomo huo. Hiyo ni kazi ya "by". Ukomo wenyewe unapokuwa si saa wala siku bali ni tukio lenye mtenda na kitenzi chake, kama vile kufika kwangu au kuanza kwa mkutano, ndipo "by" inapopanuka na kuwa "by the time".

Kipimo ninachokipendekeza kwa mwanafunzi ni kitenzi chetu "kukuta". Kabla ya kuandika, jaribu kuigeuza sentensi yako: "Nilipofika nilikuta pantoni limeshaondoka." Ikikubali kugeuzwa hivyo bila kupoteza maana, unachohitaji ni "by the time". Ikikataa, kama inavyokataa "Nilisubiri mpaka mvua ikakatika", basi rudi kwenye "until".

Tuanze na mambo yaliyokwisha kupita. Sentensi sahihi ya mkazi wetu wa Kigamboni ni "By the time I reached the ferry, it had left." Kishazi tegemezi, yaani kile kinachoanza na "by the time", huchukua wakati uliopita wa kawaida, na kishazi huru, yaani kile kinachoweza kusimama peke yake, huchukua "had" pamoja na umbo timilifu la kitenzi. Anayejua Kiswahili vizuri asiione "had left" kuwa jambo la kigeni, kwa kuwa inalingana na "lilikuwa limeshaondoka": "-likuwa" inatupeleka nyuma, na "-mesha-" inatuambia kwamba huko nyuma jambo lilikuwa limekwisha. Linalotukwaza ni kishazi cha kwanza, kwani sisi husema "mpaka nafika", kwa umbo la wakati uliopo, hata kama tulifika juzi. Kiingereza hakiruhusu uhuru huo pale habari inapohusu tukio lililopita. Ni lazima iwe "reached".

Linganisha sasa na "When I reached the ferry, it left." Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini inasimulia kisa kingine kabisa: nilifika, nikaliona pantoni, nalo likaondoka papo hapo mbele ya macho yangu. Kwa aliyechelewa dakika kumi, tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni tofauti ya maelezo mazima.

Si kila mara, hata hivyo, "had" inahitajika. Kishazi huru kikieleza hali iliyokuwapo badala ya tendo lililokwisha, wakati uliopita wa kawaida unatosha: "By the time we got to Kimara, it was dark." Kiza kilikuwapo tulipofika na kiliendelea kuwapo. Walimu wengi huifundisha kanuni ya "had" kana kwamba haina mwanya, na matokeo yake wanafunzi huandika "it had been dark", sentensi ambayo inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba tulipofika tayari kulikuwa kumepambazuka.

Upande wa wakati ujao ndiko makosa yanakojaa zaidi, na sababu yake imo ndani ya sarufi yetu. Kiswahili huweka alama ya wakati ujao katika vitenzi vyote viwili: "Nitakapofika Mbezi, basi litakuwa limeshaondoka." Tazama "-taka-" katika kitenzi cha kwanza na "-ta-" katika cha pili. Kiingereza huiweka alama hiyo katika kishazi huru peke yake, na kishazi tegemezi hubaki katika wakati uliopo: "By the time I get to Mbezi, the bus will have left." Neno "will" halipaswi kuonekana katika kishazi kinachoanza na "by the time", hata kama tukio lenyewe litakuwa la mwakani.

Kijana mmoja anayefanya kazi kwa wakala wa forodha karibu na bandari alinionyesha barua pepe aliyokuwa anataka kuituma kwa mteja wa nje. Mstari wa kwanza ulisomeka "By the time the ship will arrive, we will have paid the duty." Nilifuta "will" ya kwanza, nikaongeza "s" moja, ikawa "By the time the ship arrives, we will have paid the duty." Mstari wa pili ulikuwa na hatari zaidi: "We will submit the documents until Friday." Yeye alikusudia kwamba nyaraka zingekuwa zimewasilishwa kabla Ijumaa haijapita, lakini mteja angeelewa kwamba wangekuwa wakiwasilisha nyaraka kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kuacha ifikapo Ijumaa. Kilichohitajika ni "by Friday". Hapo hakuna "the time", kwa sababu Ijumaa si kishazi. "By the time" hufuatwa na mtenda na kitenzi, au hufuatwa na "of" na jina, kama "by the time of independence". Usiongeze "when" baada yake.

Mambo ya kila siku huchukua wakati uliopo pande zote: "By the time the bus reaches Magomeni, all the seats are taken."

Ukitaka kutaja muda uliokwisha kupita kufikia tukio fulani, tumia "for". TANU iliundwa mwaka 1954 na Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, kwa hiyo tunaweza kuandika "By the time Tanganyika became independent, TANU had existed for seven years." Na kwa tendo litakaloendelea hadi siku hiyo: "By the time she retires, she will have been teaching for thirty years."

Kuhusu uakifishaji, weka mkato pale kishazi cha "by the time" kinapotangulia; kikija mwishoni, mkato hauhitajiki: "The ferry had left by the time I arrived." Na unapotaja saa, kumbuka kuibadilisha kwanza, maana saa nne asubuhi ya Dar es Salaam ni "ten in the morning", na anayeandika "by four" atasubiriwa jioni.

Katika mazungumzo, "had" hufupishwa hadi ikabaki sauti moja ya "d" isiyosikika vizuri: "By the time I got there, they'd left." Msikilizaji anaweza kudhani ni "would", kwa kuwa nayo hufupishwa vivyo hivyo. Sikiliza kitenzi kinachofuata: kikiwa "left", ni "had"; kikiwa "leave", ni "would". Katika barua ya kazi, andika "had" kwa ukamilifu wake.