Jinsi ya Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Kutumia Volteji na Mkondo

Ukijua volteji iliyopo kati ya ncha mbili za kifaa na mkondo unaopita ndani ya kifaa hicho, unaweza kupata ukinzani wake na pia nguvu kinayotumia. Hesabu zenyewe ni kugawanya mara moja na kuzidisha mara moja. Kazi hasa ni kuhakikisha kwamba vipimo hivyo viwili ni vya kifaa kimoja na vimesomwa katika hali moja, maana makosa mengi huanzia hapo, kabla kikokotoo hakijaguswa.

Ukinzani hupatikana kwa kugawanya volteji kwa mkondo, yaani R = V ÷ I. Volteji ikiwa katika volti na mkondo katika ampea, jibu huwa katika omu, kipimo chenye jina la Georg Simon Ohm, mwanafizikia wa Ujerumani aliyechapisha kitabu kuhusu uhusiano huu mwaka 1827. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha, P = V × I, na jibu huwa katika wati.

Tuseme voltimita (kipima volteji) iliyowekwa kwenye ncha za rezista, kijenzi kinachokinza mkondo, inasoma volti 9, na amita (kipima mkondo) inasoma miliampea 30. Kabla ya hesabu yoyote, geuza miliampea kuwa ampea kwa kugawanya kwa 1,000, upate ampea 0.03. Ukinzani ni 9 ÷ 0.03, sawa na omu 300, na nguvu ni 9 × 0.03, sawa na wati 0.27. Aliyesahau kugeuza atapata omu 0.3 na wati 270, na jibu hilo linapaswa kumshtua papo hapo, kwa kuwa rezista ndogo ikipewa wati 270 huungua mara moja. Wanafunzi wengi hutegemea ile pembetatu ya herufi V, I na R, ambapo V huandikwa juu na I na R chini; inafaa kwa kukumbuka kanuni, lakini haimwonyi mtu aliyekosea vipimo.

Hata jibu sahihi lina jambo la kutuambia. Rezista nyingi ndogo hutengenezwa kuhimili wati 0.25, kwa hiyo wati 0.27 zinaizidi nguvu, na ni afadhali kuchagua ya wati 0.5. Ukinzani waweza kuwa ule ule uliohitajika na kifaa bado kikaungua, ndiyo maana nguvu ikokotolewe kila mara pamoja na ukinzani.

Katika kupima, voltimita huunganishwa sambamba na kifaa, waya mmoja kila upande, huku saketi ikifanya kazi. Amita huunganishwa kwa mfululizo: saketi hukatwa na amita kuingizwa mahali palipokatwa, ili mkondo wote upite ndani yake. Kwa kuwa ukinzani wa amita ni mdogo sana, usiiunganishe kamwe moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Wenye maltimita, yaani mita moja inayopima volteji, mkondo na ukinzani, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu waya mwekundu ukisahauliwa katika tundu la ampea, kisha mtu akapima volteji, anakuwa ameunganisha ncha za betri pamoja, na fyuzi ya mita hukatika iwapo bahati ni yake. Jifunze kwa betri ndogo. Umeme wa ukutani unaua, na hakuna sababu ya kuuchezea kwa ajili ya zoezi la hesabu.

Usitumie volteji iliyoandikwa kwenye betri badala ya ile uliyoipima, kwa kuwa betri nayo ina ukinzani wa ndani na volteji yake hushuka inapobeba mzigo. Betri ya volti 9 iliyochoka ikishuka hadi volti 8.1 huku ikipitisha ampea 0.027, ukinzani wa kweli wa kifaa ni omu 300. Ukigawanya 9 badala ya 8.1 utapata omu 333.

Ukinzani unaoupata ni wa hali ile uliyopimia. Balbu ya filamenti ya volti 12 na wati 21 hupitisha ampea 1.75 inapowaka, hivyo ukinzani wake ni takriban omu 6.9, ilhali ukiipima ikiwa baridi utapata kiasi kidogo sana kuliko hicho, kwa sababu ukinzani wa tangsteni, metali ya filamenti hiyo, hupanda joto linapopanda. Vipimo vyote viwili ni sahihi.

Ukiwa na ukinzani tayari, nguvu hupatikana pia kwa P = I² × R au P = V² ÷ R. Kwa sababu ya kipeo hicho cha pili, hita ambayo volteji yake imeshuka kwa asilimia 10 hubaki na takriban asilimia 81 tu ya nguvu yake.

Kwa umeme wa mkondo geu (AC), kama ule wa ukutani, kanuni hizi hufaa kama zilivyo kwa hita na pasi. Kwa mota, V × I hutoa volti-ampea, ambazo kwa kawaida huzidi wati halisi, na ili kupata wati ni lazima uzidishe tena kwa kipengele cha nguvu, namba isiyozidi 1, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kibati cha mota.